Mwanao Nimemgombeza

Shoga yangu Anastazia,

Mwanao nimemgombeza. Nimemgombeza hasa, kwa sauti, mpaka jirani wakatoka milangoni. Usinune huko uliko, ngoja nikwambie, maana habari hii ni ya furaha na tangu Pasaka natafuta pa kuisemea. Baba Paulo kanichongea penseli, kanambia, "Mwandikie basi, utapasuka."

Siku zile za mwisho ulinishika mkono ukanambia, "Tekla asende akalala bwenini. Mchukue weye." Nikaitikia upesi upesi, kama mtu aliyeombwa chumvi. Miaka sita tumechambua karafuu mkeka mmoja, ningekataaje? Lakini tulipokwisha kukuzika Padri alituita mie na Baba Paulo, akasema mtoto wa miaka minane ana moyo wake. Akae kwetu mpaka Pasaka. Akituzoea, ataandikwa kitabuni kuwa wetu. Asipotuzoea, atapelekwa bweni la misheni, kwa masista, akakae na watoto wenziwe.

Mpaka Pasaka! Shoga, hofu ile sikuwa nayo hata siku ya kumzaa Paulo. Nikasema nitamfanyia mema hata asitamani kuondoka. Basi mnofu wa samaki wake, Paulo ale mkia. Kitanda chake, Paulo mkekani. Maji hateki, vyombo haoshi, uwanja hafagii. Akivunja kikombe nasema, "Hapana neno, mwanangu, kilikuwa na ufa." Paulo akivunja, unanijua. Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja, akichungulia ananicheka: "Mama Paulo, umeletewa mtoto au umeletewa bibi harusi? Fungate siku saba, bibi wee, lako mwezi wa nne huu!" Nami nacheka, lakini maneno hayaniingii.

Na Tekla mpole, mpole wa kunitia wasiwasi. "Ahsante, Mama Paulo." "Nimeshiba, Mama Paulo." Nguo zake zimo kifurushini chini ya kitanda, zimekunjwa. Nikizifua nikazitundika, jioni zimerudi mle mle. Nikadhani ni usafi aliofunzwa na mamake.

Jumapili moja ya Kwaresima, tunatoka kanisani, Padri akamwinamia akamuuliza, "Tekla, unakaa wapi siku hizi?" Akajibu kwa adabu zake zote, "Nimekwenda kutembea kwa Mama Paulo."

Kutembea! Miezi mitano! Kutoka Mkunazini mpaka nyumbani Kikwajuni nilikaza mwendo, wao nyuma. Baba Paulo akanambia taratibu, "Labda sisi hatutoshi." Nilipofika jikoni nililia, nikasingizia moshi wa kuni.

Ikafika Jumamosi Kuu. Nimekuna nazi tatu za wali wa sikukuu, tui zito nimeliweka bakulini kando ya jiko. Watoto wanakimbizana uwanjani, na mara ya kwanza namsikia Tekla akicheka kwa nguvu, kicheko chako kile cha kupaliwa. Mara bakuli hilo, limepinduka, tui lote mchangani. Aliyelipiga teke ni mwanao. Shoga, sikufikiri.

"We Tekla! Macho umeyaweka wapi? Mie mikono inaniuma kwa kukuna, wewe unaruka kama panzi? Nenda dukani mbio, na nazi utakayoleta utaikuna mwenyewe mpaka kifuu! Na wewe Paulo usicheke, zamu yako inakuja!"

Halafu nikaziba mdomo. Nikajua basi, nimeshamfukuza.

Akasimama, kanikodolea macho. "Niletee nazi ngapi, Mama?"

Hakusema Mama Paulo. Kasema Mama. Akatoka mbio, nikamsikia anapita mlangoni kwa Bi Zuhura akipiga kelele kama aliyepewa zawadi: "Mama kanigombeza! Kanigombeza na mie, kama Paulo!" Na Bi Zuhura kutoka ndani, "Alhamdulillahi, fungate limekwisha!"

Akarudi, akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akakuna mapande kwa mapande. Wali ukawa mbaya, shoga, na tukaumaliza wote. Anajilamba vidole, ndipo akanambia, "Mie nilidhani asiyegombezwa si wa nyumba ile." Miezi yote naogopa kumpoteza, kumbe yeye anangoja nimfokee! Kesho yake nguo zake nilizikuta msumarini, juu ya za Paulo.

Padri alipomuuliza tena, akajibu, "Nakaa kwetu, Padri, na nnachelewa, leo zamu yangu ya maji." Padri kacheka mpaka miwani ikamtoka. Akatuandika kitabuni kuwa wazazi wake wa kumlea, mashahidi wawili wakatia mkono. Jina lako liko pale pale, juu yetu, halikufutwa.

Kisha akataka nizungumze na kina mama baada ya ibada, nao wapate kuwachukua watoto wa bwenini. Mie! Wenyewe unawajua: "Nyumba zetu ndogo," "Mwana wa mtu akikua hukimbilia kwao." Nikawaambia, hata yangu ndogo, na mie kulea mwana wa mtu sikujua, nimekosea miezi na miezi. Lakini mtoto hakutaka nyumba kubwa wala minofu, alitaka zamu yake ya maji. Na Bwana wetu mwenyewe kalelewa na seremala asiyemzaa. Tangu siku ile Baba Paulo, kwa kuwa naye seremala, anatembea kifua mbele, hatusemeshi.

Mama Roza, aliyelalamika kuliko wote, juzi kawachukua ndugu wawili bwenini. Keshaanza kuwapigia kelele, nimemsikia kwa masikio yangu, nikamshukuru Mungu.

Lala, shoga yangu, usiwe na wasiwasi nasi. Nakuahidi Tekla hatakosa kujua wewe ni nani. Siku ya Marehemu ntamleta kaburini akusimulie mwenyewe, nami ntakaa kando nisiwasikilize. Tena iko nyingine. Bwenini kuna kijitoto cha kike, kila nikienda kinang'ang'ania khanga yangu hakitaki kuiachia. Jana nimemwambia Baba Paulo nataka kitanda kingine. Hakuuliza cha nani. Kachukua futi, kaanza kupima mbao.

Ni mie nduguyo,
Mama Paulo na Tekla