Radi Kanipiga Bao

Jumatano, usiku

Isikizya nzima hakuna anayenishinda maneno, lakini mdogo wangu Masanja, mwenye usonji, hajawahi kuniita hata jina. Nalitamani mno.

Leo afande kamleta tena Radi, mbwa wa polisi, acheze na watoto kwenye kituo cha wenye usonji. Masanja, asiyetaka kuguswa na mtu, akanong'ona, "Radi, keti." Mbwa akaketi, naye Masanja akamlalia shingoni.

"Afande, shikamoo. Huyo kaniibia mdogo wangu, mkamate!"

"Marahaba. Unamwonea wivu mbwa?"

Nikacheka. Namwonea, tena sana.

Jioni nyumbani Masanja alimtafuta Radi hadi uani. Kisha akapapasa mkeka, akanitazama. "Radi, keti."

Nikaketi. Akanilalia shingoni, na mimi, bingwa wa maneno, nikakubali kuwa mbwa! Jina langu bado... Lakini angeniambia nibweke, ningebweka.