Vitunguu vya Mbegu Vilivyopikwa Msibani

Dada yangu Paskalina,

Hata ulipokuwa mbele yangu nilishindwa kukuambia mambo mengi. Ulikuwa unajua, ukawa unanisubiri mpaka maneno yaje. Naomba unisubiri tena.

Nakumbuka msimu uliponiruhusu kushika kisu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumechagua vitunguu vinene kuliko vyote, tuvipande vitoe mbegu, na mama analalamika kwamba unazika vile vizuri, yeye unamwachia vidogo vya kupikia. Ukanionyesha kukata juu kidogo ili vichipue upesi. "Kata kichwani, akili zitoke," ukasema. "Ningejaribu na kwako, ila naogopa zitatoka zote." Nilicheka nikajikata kidole, nawe ukanifunga na kipande cha khanga yako huku ukinisema kwamba damu siyo mbolea.

Halafu vikarefuka. Wengine hapa Gendabi hawakuelewa kwa nini tunaacha vitunguu vitoe maua badala ya kung'oa tule. Mabua yalikuwa na uwazi ndani kama mirija, na juu yake maua meupe ya mviringo. Upepo wa mlimani ulipozidi tuliyafunga kwenye vijiti. Mimi niliogopa nyuki. "Wana kazi zao," uliniambia, "hata jina lako hawalijui." Siku nilipoondoka kurudi bwenini ukaniahidi: "Ukimaliza mtihani nitakufundisha kuijua siku ya kuvuna. Hiyo haiandikwi ubaoni."

Nilimaliza mtihani, Dada. Nikashuka kwenye basi na sanduku langu nikitazama huku na huku nikuone. Alikuja baba. Njia nzima aliniuliza habari za chakula cha shule tu. Tulipofika nikaona udongo mpya kando ya nyumba, na msalaba wenye jina lako.

Walinificha. Walisema ningejua ningeshindwa kuandika mtihani. Wakati najibu maswali, wewe ulikuwa umeshazikwa. Kila asubuhi nawaamkia shikamoo, wanaitikia marahaba, na jambo hilo hatulisemi. Matokeo yangu yalitoka, si mabaya. Baba alifurahi. Mimi sikuweza.

Siku ile ile niliyofika niliingia jikoni kutafuta vitunguu ulivyoviweka juu ya kichanja kwa ajili ya mbegu. Hapakuwa na kitu. Kina mama waliokuja kupika msibani waliviona, vinene, vikavu, wakavikaangia wali wa wageni. Nani angewaambia? Mama aliposikia ninachotafuta alijishika mdomo. "Hata mimi nilikula, mwanangu," akasema. "Sikujua nakula nini siku ile." Chupa ya mbegu nayo ilikuwa tupu, maana ulikuwa ukipanda zote. Ulisema mbegu ya kitunguu ikilala sana hufa. Basi nikaona hata hicho ulichokuwa ukikitunza miaka yote kimekwisha.

Ndipo nikamkumbuka Mama Gidamis, yule jirani mfugaji uliyekuwa unampa vitunguu, naye anakupa maziwa. Nilizunguka nje ya boma lake mpaka mbwa wakachoka kunibwekea. Nilipomwamkia, sauti yangu haikufika.

"Wewe ndiye mdogo wake Paskalina?" akauliza. "Mbona yeye alikuwa anaanza kupiga kelele tangu kule barabarani?"

Nikamweleza nikitazama chini. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. "Hivi alivileta mwenyewe, akasema nijifunze kutoa mbegu. Akaniapia nikivila atakuja kuchukua ndama wangu." Akacheka, halafu akaacha. "Chukua vyote. Mimi ningevila tu."

Nikavipanda kwa mikono yangu. Maua yalipotoka nilisimama katikati ya nyuki bila kukimbia. Lakini siku ya kuvuna sikuijua. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi, nagusa, nasema bado. Nilipoona punje nyeusi ndani ya maua yaliyopasuka, nyingi zilikuwa zimeshamwagika chini. Nilikata yaliyobaki, nikayaanika kivulini, nikayapukuchua na kuyapepeta kwenye ungo. Zilipatikana mbegu za kujaza kiganja tu. Nilikaa nazo nikakulilia kwa hasira, Dada. Uliniahidi. Najua si kosa lako, lakini uliniahidi.

Sasa ni wakati wa baridi. Nilizimwaga kwenye kitalu, nikazifunika kwa majani makavu, na tangu hapo nilikuwa naogopa hata kufunua. Zisingeota, hapakuwa na mahali pengine pa kuomba. Mama Gidamis alinipa vyote.

Leo asubuhi nimefunua. Zimeota. Hazijanyooka, zimejikunja kama sindano zilizopinda, vichwa bado vimeshikwa na udongo. Nyingi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Kabla sijafikiri nikageuka kuelekea nyumbani nikaita kwa nguvu, "Paskalina! Njoo uone!"

Sijawahi kupaza sauti hivyo maishani. Jikoni mama alikuwa anaosha vyombo. Nikasikia mlango, na mama akaja, mikono ikiwa bado na maji, akachuchumaa pale ambapo ungechuchumaa wewe.

Lala salama, Dada. Kitalu nakimwagilia.

Mdogo wako