Kanda ya harusi ya mama

Solenn, nimemkana mama. Darasani, kwenye somo la filamu, mbele ya watu.

Si nilipeleka ile kanda ya harusi yake tuichambue? Kabla sijasema ni ya nani, mwenzetu mmoja, Thibault, akaropoka: "Mcheki bibi harusi. Kila akitaka kucheka anaitazama kamera kwanza, kama anaiomba ruhusa. Kama bidhaa kwenye dirisha la duka!"

Wote wakaitikia.

Mwalimu akaniuliza, "Maëlle, umeitoa wapi hii?"

Nikasema nimeiokota mnadani, kule Montreuil wanakouza vitu vikuukuu. Mnadani, Solenn! Sauti haikutetemeka hata kidogo. Halafu na mimi nikamchambua. Nikasifiwa.

Sasa nimekaa tu kwenye ngazi za chuo. Hata kulia silii.

Mama kaniandikia: "Wameipenda? Waliona nilivyokuwa namcheka babu yako nyuma ya kamera, hajui hata kuishika?"