Aliyemwita Kiprono Shambani

Mpendwa Chebet,

Sisi huku Kimumu tuko salama. Mguu wa mamako umepona.

Umeniuliza nilijifunzaje kuwasikiliza watu wenye uchungu moyoni. Ilikuwa Sugoi, kwenye shamba la mzungu, baada ya kaka yangu Kiprono kurudi kutoka vita vya Burma. Kila adhuhuri alisimama kando ya ngano akiongea na mtu tusiyemwona. Baba alimkemea, "Hakuna mtu hapo!" Kiprono akaacha kula.

Siku moja nilisimama naye, nikauliza, "Anasema nini?"

Alinitazama sana. "Ni rafiki yangu wa vitani. Anaomba maji. Nilimwacha akiwa hai."

"Ungependa kumwambia nini?"

Hakukuwa na upepo, lakini ngano ililala mstari mmoja, kama mtu anapita, ukaja mpaka miguuni petu. Kiprono akapiga magoti, akaongea huku akilia. Sikumkatiza. Siku hiyo alikula.

Ndiyo maana anayekuja kwangu simbishii anachokiona. Nakaa naye.

Kiprono alizeeka vizuri, na shamba lile akalipita bila wasiwasi. Mimi ndiye niliyezunguka njia ya mbali ili nisipite hapo.

Nyanya yako