Pasi ya Mkaa na Ubishi wa Risasi

Jumanne, Yeoville

Hasira bado hazijanitoka. Ilunga na Juma, walinzi wa duka la jumla mjini, walileta suruali za kazi niwapunguzie. Umeme ulikuwa umekatika, nikaweka pasi ya mkaa mlangoni ishike moto.

Wakaanza ubishi. Juma anasema risasi ya milimita tisa inatosha, maana bastola inabeba nyingi. Ilunga anaapa kwamba bila risasi ya foti-faivu, ile nene, mwizi haanguki.

“Fundi, amua!”

Nikauliza bastola zenu ziko wapi. Kazini wamepewa rungu na filimbi tu.

Kugeuka mlangoni, pasi hakuna! Imebebwa pamoja na makaa yake, mbele ya walinzi wawili. Nilikuja nayo kutoka Tanga. Hapa ugenini nitapata wapi nyingine?

Na Juma, bila haya: “Fundi, kesho tuna ukaguzi. Mistari ya suruali ikae kama wembe.”