Zamu ya Babu Yako Kuimba

Mjukuu wangu Neema,

Huku Voi hatujambo. Mama yako amepona goti, na mvua imetukumbuka.

Umeniuliza nilizoeaje babu yako kuwa safarini na lori, maana mumeo naye kazi yake ni ya kuruka na ndege, na unabaki huko ugenini, Al Mansoura, na mtoto. Sikuzoea, mama. Kila jambo la nyumbani nililitungia ubeti: jino la mama yako kung'oka, mbuzi kuzaa. Akirudi, watoto walimwimbia yote kabla hajavua viatu. Kisha tulinyamaza, naye akatuimbia ya barabarani.

Jaribu na wewe, na mumeo mwachieni ubeti wake.

Tangu tumzike babu yako, bado naimba jikoni. Nikifikia zamu yake nanyamaza, namngoja aimbe.

Bibi yako