Uzee Wangu Niliufungia Ndani ya Zizi Moja

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo umeanza tangu alfajiri, ule wa kwetu unaoingiza mchanga mpaka kwenye sufuria lililofunikwa. Nimefagia uwanja mara mbili na sijui nafagia nini. Nikikosea herufi nisameheni, mimi niliishia darasa la nne. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yangu Salima, ili nikiwa na wasiwasi niandike badala ya kumpigia simu kila saa. Leo nimempigia na bado naandika.

Mbuzi wangu wamekufa.

Nimeandika hivyo ili nione kama nitaamini. Siamini. Nasikia kengele ya yule jike mkubwa mweusi kila upepo ukipiga, kumbe ni kopo limening'inia kwenye uzio.

Wamebaki wawili, mama na mtoto wake. Wamelala, macho yameziba tongotongo, na bwana mifugo amesema nisiweke matumaini kwao. Wengine wote wako shimoni nyuma ya shamba la alizeti. Baba Salima, mume wangu, amechimba na jirani mpaka viganja vikachubuka. Kuna watu walikuja na visu na mabeseni yao, wakasema mama angalau tukupunguzie hasara, nyama ni nyama. Bwana mifugo akawajibu, "Mkitaka kuupeleka huu ugonjwa kwenu na miguu yenu, chukueni." Wakarudi na mabeseni matupu, mmoja anasonya kama mimi ndiye niliyemnyima.

Nimeshikwa na bumbuazi. Sijalia hata tone. Nimekaa tu kwenye kigoda najisikia kama mtu aliyefika kituoni akakuta basi limeondoka na mizigo yake yote.

Kwa sababu wale hawakuwa mbuzi tu.

Mimi sina pensheni. Baba Salima alilinda ghala la mnunuzi wa alizeti ujana wake wote, na alipochoka walimpa asante na koti. Koti lenyewe zito, la baridi ya mahali pengine. Kwa hiyo mbuzi ndio walikuwa pensheni yetu sote wawili. Nilijisemea, nikishindwa kushika jembe nitauza mmoja mmoja, polepole, mpaka Mungu aniite, na Salima asijue hata bei ya dawa ninayokunywa. Salima anauza kwenye duka la dawa la mtu pale Singida mjini, ana watoto wawili na kodi ya nyumba. Mama yangu mzazi alizeeka akiniomba hela ya sabuni. Alikuwa anaomba huku ameangalia pembeni. Hiyo shingo yake ilivyogeuka ndiyo inayoniamsha, wala si njaa.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana nimekaa nayo kifuani toka asubuhi.

Huku kwetu Ihanja, tangu wazee, mtu hafugi mifugo yake yote kwake. Unampa shangazi mbuzi wawili akutunzie, unampa rafiki wa kijiji cha pili watatu, ndugu wa mbali naye wake. Anayetunza anakamua maziwa, na wakizaana naye anapata wa kwake. Mbuzi wangu walikuwa wametawanyika namna hiyo miaka yote, wengine hata sura zao nilikuwa nimezisahau.

Basi mwaka jana kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa mwenzangu mmoja akanitania mbele ya watu. "Mama Salima kila siku mbuzi wangu, mbuzi wangu. Wako wapi? Au unafuga kwa mdomo?" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini nilirudi nyumbani na kile kicheko.

Nilitaka kuwaona.

Ni hilo tu. Nilitaka niamke nifungue mlango niuone uzee wangu umesimama pale unacheua. Nikajenga zizi jipya la miti mizuri, nikazunguka kwa watu kuwakusanya. Shangazi alinitazama akasema, "Mwanangu, unawaleta pamoja ili waimbe kwaya?" Nikaona ana wivu wa maziwa tu. Nikawaswaga wote. Walipojaa zizini nilisimama mlangoni mpaka jua likanichoma utosi, sikumbuki lini nimefurahi vile.

Aliyegoma ni mmoja tu, wifi yangu Hawa, dada yake Baba Salima. Alipohamia Rungwa na mumewe anayefuga nyuki alipanda na mbuzi wangu watatu kwenye lori. Nikampigia nikamwambia arudishe, huko kwenu mbung'o watawamaliza. Akasema wamezoea. Nikapiga tena, akasema lori hakuna. Nikapiga tena, akasema mmoja ana mimba. Nikachoka. Nikaanza kusema kwa watu kwamba kuna mtu Rungwa anakula jasho langu, na nilisema hata msibani, mbele ya wakwe. Tangu hapo mimi na Hawa hatusalimiani hata kwa Idi.

Halafu nikaenda mnadani nikanunua beberu. Nilitaka kundi liwe na bwana wake, mwenye ndevu na kifua. Alikuwa anatoa makamasi kidogo. Muuzaji akasema ni vumbi la njiani. Nikamwingiza moja kwa moja katikati ya wenzake, siku ile ile, na nilimpigia vigelegele.

Bwana mifugo alipofika aliuliza jambo moja tu, kama kuna mnyama mgeni. Nikamwonyesha beberu kwa kidole. Akatikisa kichwa taratibu. "Sotoka ya mbuzi, mama. Inaruka kwa pumzi na kwa maji ya kunywea. Wangekuwa huku na huku usingewapoteza wote." Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Leo baada ya kuwafukia wa mwisho nilimpigia Salima. Nilifikiri nitamwambia kwa utulivu, mtu mzima. Nikasema, "Salima mwanangu," sauti ikakatika hapo hapo. Akajua. Akaniacha nipumue, halafu akasema, "Mama, vile vipande vyako vipo."

Nilikuwa nimevisahau kabisa.

Mwaka jana, nilipokuwa nakusanya mbuzi, Salima alikuja likizo akanisumbua na habari za mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi wanaweka hela zao mahali pamoja, wenye ujuzi wanaikopesha serikali kwa hatifungani na nyingine wanaiweka benki, na wewe unahesabiwa vipande vyako kwa kadiri ulivyoweka. Inakua polepole. Nikamuuliza, "Inazaa mapacha?" Akasema haizai mapacha, mama, inazaa kama ng'ombe mzee, kidogo na kwa mpango. Nikaona huo ni mchezo wa watu wa mjini. Nikauza mabeberu wawili wadogo nikampa hela ili anyamaze, na moyoni nikahesabu kwamba wale mabeberu wamepotea.

Leo ndio wazima kuliko wote.

Nikamuuliza kwa hasira, sijui hasira ya nani, "Na hivyo vipande haviugui?" Akasema, "Vinaugua, mama. Bei inaweza kushuka, sikudanganyi. Lakini haviambukizwi na mbuzi."

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Haviambukizwi na mbuzi. Mbuzi wakipatwa na sotoka, alizeti haikohoi. Alizeti ikikosa mvua, hatifungani hazinyauki. Serikali ikichelewesha malipo yake, kuku wangu bado wanataga. Nilikuwa nadhani utajiri ni kuwa na vingi. Kumbe unaweza kuwa na vingi na vyote vikalala kwa kikohozi kimoja.

Tukapanga pale pale kwenye simu, yeye ananihesabia, mimi nalia sasa, machozi yakaja hatimaye. Magunia ya alizeti yaliyoko ndani tusiyauze yote kwa mkupuo mmoja. Hela za kwanza ziwe akiba ya ugonjwa, zikae mahali pa kuchukulika haraka, ili nikiumwa nisilazimike kuuza kitu kwa bei ya kutupa. Za pili ziende kwenye vipande. Nikamwambia kuna mama mmoja hapa anasema ana mahali hela inazaa mara mbili kwa mwezi. Salima akapandisha sauti, "Mama! Hiyo ndiyo beberu mwenye makamasi." Nikacheka na machozi yangu. Akasema umri wangu si wa kukimbiza mali, ni wa kutembea nayo. Hatutafuti kutajirika. Tunatafuta nisigeuze shingo.

Nilipokata simu Baba Salima alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Nikamwambia, nikiwa na nguvu kidogo, "Sasa Hawa atarudisha wale watatu. Apende asipende. Sina wengine, nitaanza nao upya hapa hapa."

Akaendelea kunawa.

"Hatarudisha," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilimkataza."

Jamani. Nilimwangalia huyu mtu kama nimeletewa mgeni. Mume wangu, anayeuliza ruhusa hata ya kuhamisha kigoda. Mwaka mzima amenisikia nikimwita dada yake mwizi, tumbo moja, titi moja, akanyamaza. Msibani alikuwa amekaa pale pale, anaangalia vidole vya miguu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hata ukilia asilete. Baba yangu hakuwahi kulaza mifugo yote mahali pamoja. Nilikwambia mara moja, ukanambia naleta ya kizamani. Zizi lilikuwa limekuingia machoni, Mama Salima. Ningefanyaje?"

"Ungenipigia kelele!"

"Ungenisikia?"

Akajipangusa mikono kwenye shati, mikono yenye malengelenge ya kufukia mbuzi ambao alijua hawakupaswa kuwa pamoja. Sijui nimkasirikie au nimpikie. Nimempikia ugali wa mtama na mlenda, nikauweka mbele yake. Amekula wote.

Halafu nikampigia Hawa. Rungwa mtandao wa shida, mpaka apande kichuguu nyuma ya nyumba ndipo asikike, kwa hiyo simu iliita mpaka nikataka kukata.

"Haloo. Mwizi wa mbuzi anaongea. Nani mwenzangu?"

Alijua ni mimi. Namba yangu anaijua.

Nikasema, "Wifi, wamekufa." Nikamweleza. Beberu, kikohozi, shimo. Nilisikia upepo wa huko kwake kwenye simu, sauti ya mbuzi kwa mbali, na huyo mbuzi alikuwa wangu. Nilingoja anicheke. Nilistahili kuchekwa, na ningecheka naye.

Akasema, "Pole wifi yangu. Pole sana jamani. Umekula?"

Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Mtu niliyemtangaza msibani ananiuliza kama nimekula.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ah, acha. Kaka yangu alinisimamisha katikati yenu kama nguzo, mvua ikanipiga mimi." Tukacheka kidogo, kicheko cha kikohozi. Halafu akawa wa haraka haraka, kama kawaida yake. "Sikiliza. Wako wameongezeka, wamekuwa kundi dogo, sijawala, nimekamua tu. Lori la asali linashuka wiki hii. Nawapakia wote, mama zao na watoto. Wakufute machozi. Kaka atanisamehe."

Nikaangalia zizi. Mlango uko wazi, unagongagonga. Miti bado mipya, haijaanza hata kuliwa na mchwa. Nilitamani, sitadanganya. Nilitamani kusikia kengele moja tu humo ndani.

"Wifi," nikamwambia, "usiwalete."

"Nini?"

"Usiwalete, Hawa. Hata nikilia."

Sasa jua linakwama nyuma ya mawe makubwa ya kule ng'ambo, na upepo umetulia. Bwana mifugo amesema zizi lisiingizwe mnyama kwanza mpaka atakaponiruhusu. Ukifika wakati, nitaweka mmoja au wawili wa maziwa. Wengine nitakaojaliwa kuwapata nitawapeleka kwa shangazi, nikipiga magoti kwanza. Baba Salima ametoka nje na koti lake, amemfunika yule mtoto wa mbuzi mgonjwa. Koti lile la pensheni.

Kutakucha tu. Nitafungua mlango na hakutakuwa na kitu cha kuangalia. Itanibidi nijifunze kulala na uzee wangu ukiwa mahali ambapo siuoni.